Sueno na Mwito wa Mara Moja

Sueno Okubata hapendi jua. Ukimwona asubuhi amekunja uso, ujue mbingu iko wazi na siku itakuwa njema kwa watu wengine wote. Lakini mvua ikianza kunyunya na wingu likashuka mpaka kwenye mapaa, wakati mimi natafuta sababu ya kubaki ndani miguu yangu ikipata joto chini ya meza, yeye huwa keshavaa gambuti na kujifunga taulo kichwani, anagonga mlango wangu.

"Nobue-san! Umelala au umekufa?"

"Nimekufa, dada."

"Basi maiti, vaa viatu. Leo rangi imetoka."

Kazi yetu ni kuchuma majani. Tunayachuma mlimani, tunayapanga kwenye vijaluba, na gari linayapeleka Osaka. Huko wapishi huweka jani jekundu la mti wa momiji pembeni ya kipande cha samaki, au jani la mkaki, ule mti wa matunda matamu, chini ya tonge la wali. Mlaji halili jani. Hulitazama, labda akasema limependeza, kisha linatupwa. Nimezeeka katika kazi hii na bado naiona kichekesho, ila Sueno ukimwambia hivyo hucheki naye siku hiyo.

Alinifundisha yeye. Mimi nimeolewa hapa Kuwadani kutoka mji wa bandari, na pamoja na kwamba mume wangu nimeshamzika katika ardhi hii, bado naitwa yule wa pwani. Siku za mwanzo nilikuwa natembea mvuani nimeinua uso, nikitafuta wekundu kwenye matawi. Sueno alikuwa akicheka mpaka anashika mti.

"We mama wa pwani, unatafuta nini huko juu? Ndege?"

"Natafuta majani."

"Juu siku kama hii kuna mbingu nyeupe na vijiti vyeusi basi. Ipe mbingu mgongo. Inama. Angalia kwenye maji."

Alikuwa akisimama kando ya kijito kimya kimya mpaka jani jekundu lipite, halafu anapanda kufuata maji hadi aupate mti uliolidondosha. Alikuwa akiliokota na kulitazama kikonyo. Jani lililoanguka lenyewe kikonyo chake kina ncha safi, kwa hiyo mti umekomaa, rangi imefika. Likiwa limevutwa na nyani au limeng'olewa na upepo, ncha ina uzi wa ganda, na hapo haendi. Jua, alisema, linampendelea kila mtu, linang'arisha hata jani lililoungua. Siku ya mvua jani bovu linakuwa tope na jani zuri linabaki peke yake. Ilikuwa kweli, nami nilichukia kwamba ilikuwa kweli, kwa sababu magoti yangu hayapatani na unyevu.

Mumewe, Tamotsu, alikuwa mtu wa misitu ya serikali. Mierezi yote ile iliyofunika mlima wa mbele, myeusi tii, isiyoacha hata jani la nyasi liote chini yake, ni yeye na wenzake walioipanda walipokuwa vijana. Sueno hakuacha kumtania kwa hilo: "Baba huyu ndiye aliyefukuza rangi Kuwadani nzima, mimi nikaachiwa kazi ya kuitafuta." Tamotsu alikuwa akivuta sigara tu. Hakuwa na maneno. Yeye alikuwa akimwita mkewe "Oi", kama wanaume wengi wa umri wake huku. Oi ya chai, oi ya maji ya kuoga, oi ya nimerudi. Na Sueno alikuwa akijua ipi ni ipi bila kugeuka. "Naam, nakuja," na kitu kinachotakiwa kiko mkononi tayari.

Kiharusi kilimpata majira ya kuchipua. Kilichukua upande wa kulia na maneno yote isipokuwa hilo moja. Sueno alituchekesha sote hospitalini, hata muuguzi: "Kimempekua kichwa kizima, kikakuta hamna cha kuiba." Lakini nje, tukisubiri gari, alilia akiwa amejifunika uso kwa taulo, nami nilimshika mgongo.

Mwaka huo joto halikutaka kuondoka. Novemba ilifika na momiji bado zilikuwa kijani cha ugonjwa, zikikauka kingo kabla ya kuiva. Kila asubuhi Sueno alikuwa akimlisha mumewe uji huku akilalamika. "Hakuna wekundu mwaka huu, baba. Hakuna kabisa. Sijui nitawapelekea nini hao wapishi." Tamotsu alikuwa akimeza na kumtazama.

Siku ninayoisema ilikuwa ya manyunyu, wingu limelala juu ya kijiji tangu alfajiri. Tulimketisha Tamotsu barazani, blanketi miguuni, fimbo yake ya kujikokotea na redio pembeni, chai ndani ya chupa. Sueno akamwambia tutarudi mapema. Sisi tukapanda kwa njia ya kijito kwenda Kamiura.

Kamiura sipapendi, nasema wazi. Ni mtaa wa juu ambao hauna mtu tena. Wa mwisho walikufa au walishushwa mjini na watoto wao, nyumba zikabaki zimesimama. Ukichungulia dirishani utaona kalenda ukutani na mabakuli yamefunikwa kwenye kichanja, yakisubiri wali. Kwenye nguzo kuna spika ya kijiji ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata waya, na kila jioni inapiga wimbo wa kuwaita watoto warudi nyumbani. Mtoto wa mwisho wa Kamiura sasa ana wajukuu. Lakini waliokuwa wakikaa pale walipanda miti mizuri milangoni mwao, na baridi ya juu huivisha rangi mapema, kwa hiyo ndiko Sueno alikoelekea.

Tulipata kidogo. Uani kwa nyumba moja palikuwa na mkaki wenye majani ya rangi ya machungwa yaliyochanganyika na madoa meusi, wapishi wanayapenda hayo, na momiji mbili zilizojitahidi. Tulichuma, tukala matonge yetu ya wali yenye plamu chachu tumekaa kwenye benchi la watu waliokufa, tukachuma tena. Ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Mara unaona ukuta wa mawe wa mashamba ya zamani hapo juu, mara huoni hata mkono wako. Halafu matone yakaacha kudondoka, na pakawa na kimya ambacho sikukipenda.

"Oi."

Sauti ya mwanamume. Ilitoka juu, au nyuma, ukungu haukutuambia. Haikuwa ya hasira wala ya shida. Nilinyanyua kichwa, nikafungua mdomo niitike kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Mkono wa Sueno ulinifunga mdomo. Ulikuwa umelowa, unanuka majani. Macho yake yalikuwa yakitazama ukungu na alikuwa anasubiri. Niliusikia moyo wake mgongoni mwangu. Tukasubiri, mimi sijui tunasubiri nini, mpaka akatikisa kichwa, akaniachia, akabeba kikapu chake na kunionyesha kwa kidole njia ya kushuka.

"Usigeuke," alinong'ona.

Tulishuka mbio mpaka darajani.

"Ulitaka kuitika, wewe!"

"Sasa kama ni mtu? Mwindaji, au mtu amepotea?"

"Mtu mlimani huita mara mbili. Oi, oi. Mtoto mdogo wa huku anajua. Kinachoita mara moja si mtu, hakiwezi ya pili."

"Kinataka nini?"

"Kuitikiwa tu."

"Na ukiitika?"

"Mama mkwe alisema kinaita tena. Na kila ukiitika kinakuwa karibu zaidi, mpaka kinakuitia sikioni."

Nililijua hilo kwa juu juu. Watu wa Kuwadani hata kwenye simu husema neno la kwanza mara mbili, wasije wakadhaniwa vibaya. Baba yangu bandarini alikuwa akipokea simu kwa kuguna. Lakini sikuwahi kulisikia likinitokea. Basi tukaanza kucheka, kile kicheko cha watu walionusurika. Sueno aliniigiza nilivyoachama mdomo. Mimi nikamwigiza yeye anavyotembea bila kugeuka, shingo imekakamaa. Tulikuwa bado tunacheka tulipoingia langoni kwake.

Blanketi lilikuwa sakafuni. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Chai haikuguswa, na gambuti za Tamotsu hazikuwepo, wala fimbo yake.

Sueno hakuita, hakuingia ndani kutafuta. Alitua kikapu chini polepole.

"Nobue. Baba ananiita mara ngapi?"

Niliinama kuokota blanketi.

"Nakuuliza, ananiita mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema.

Zamani alipokuwa mzima alikuwa akiita mara mbili akiwa mlimani, sawasawa na wenzake. Lakini tangu kiharusi ile oi moja ilikuwa kazi nzito. Ilimchukua muda kuikusanya mdomoni, ikitoka humwachia mate kidevuni, na kabla hajapata nyingine unaweza kuchemsha birika. Nilikuwa nimeliona hilo barazani kila siku. Sueno alikuwa ameyafuta hayo mate kila siku. Na pale juu hakuna kati yetu aliyelikumbuka.

Kumbe nyuma ya nyumba yao kuna barabara ya magari ya magogo, mbovu lakini si kali, inazunguka mpaka Kamiura kwa upande wa juu. Tamotsu aliijua hata usingizini, alishiriki kuichimba. Nilipiga simu kwa wanakijiji wa zimamoto, na nilipogeuka Sueno alishakuwa kwenye njia ya kijito. Nilimfuata roho juu, gambuti zikiteleza kwenye mawe.

Mbele yangu nilimsikia. "Oi, oi! Oi, oi!" Alikuwa akiita mara mbili, kwa adabu zote, ili mumewe ajue ni mtu. Hakuna kilichomjibu. Mierezi ilikuwa ikiimeza sauti na mwanga ulikuwa unapungua. Uani kwa wale marehemu palikuwa vilevile tulivyopaacha. Aliita mpaka sauti ikakwaruza, halafu akanyamaza, akainama juu ya mfereji unaopita pembeni ya ua, akatulia.

Nilitaka kumzaba kofi. Mume amepotea, giza linaingia, na yeye anatazama majani!

Alitumbukiza mkono akatoa kijitawi. Kilikuwa cha haze. Huo ni mti unaokuwa mwekundu kuliko miti yote, mwekundu mpaka unaogopesha, na hakuna mchumaji anayeugusa kwa sababu utomvu wake unababua ngozi. Hata katika mwanga ule mbovu kilikuwa kinawaka. Akageuza kikonyo anionyeshe. Kilikuwa na uzi mrefu wa ganda.

"Kimevunjwa," alisema. "Kwa mkono."

Kingine kikaja na maji. Tukafuata mfereji kwenda juu, tukapanda ukuta wa kwanza wa mawe, kisha wa pili, yeye akiwa mbele amepinda mgongo, hatazami popote isipokuwa majini. Na pale, chini ya mti wa haze, alikuwa amekaa Tamotsu. Miguu imo ndani ya mfereji, amelowa chapachapa, fimbo haipo. Mapajani alikuwa na rundo la matawi mekundu, na mengine yalikuwa yakimponyoka na kuchukuliwa na maji. Alikuwa amesikia hakuna wekundu mwaka huu, akaenda kuutafuta.

Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi. Sueno alipiga magoti ndani ya maji, akamshika mikono na haze yake yote.

"Nimekuja, baba. Nipo. Nimekuja."

Tamotsu alimtazama kidogo, kisha akatazama juu ya bega lake. Niligeuka nione anaangalia nini. Ukungu ulikuwa umefunguka, na chini yetu, karibu kabisa, palikuwa na ule ua. Niliuona mkaki tuliouchuma majani. Niliona benchi, na hata karatasi ya tonge langu niliyoiacha. Kutoka pale ungeweza kumtambua mtu kwa taulo lake la kichwani. Ungeweza kuona mwanamke akimziba mwenzake mdomo, akisubiri, akitikisa kichwa, na kuondoka bila kugeuka.

Sueno naye aligeuka akaona. Spika kwenye nguzo ikaanza kupiga wimbo wake wa watoto, na tukakaa hapo tukiusikiliza mpaka ukaisha, kwa sababu hapakuwa na la kufanya kabla wanaume hawajafika kumbeba.

Kesho yake uso na mikono ya Tamotsu vilivimba, na mikono ya Sueno vilevile. Daktari aliwapaka dawa wote wawili, akasema mapafu ya mzee ni mazuri na kwamba amebahatika. Koo halina tatizo, mdomo ni uleule wa jana. Lakini Tamotsu hakusema oi siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi uliofuata.

Mwanzoni tulisema ni baridi. Sueno akasema ni hasira, akamwomba radhi, ameinamisha paji la uso mpaka kwenye mkeka. Akajaribu hila. Aliweka chai mbali ili alazimike kuiomba, kisha akaona haya na kuisogeza mwenyewe. Nilimkuta akimkanda mashavu. "Niite, baba. Niite ya chai. Niite hata ya kunitukana." Tamotsu hakuwa na hasira yoyote usoni, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa akimtazama kwa upole, kama mgeni anayesubiri basi lake.

Mlimani ndipo Sueno alipoanza kunitisha. Kunguru akilia mara moja, "Naam! Nakuja!" Tawi likikatika, "Naam!" Msumeno wa injini ukinguruma ng'ambo ya bonde, anaacha kazi, anageukia huko na kuitika kwa sauti ya furaha. Nilimwambia aache.

"Dada, wewe ndiye uliyenikataza!"

"Nikiitika pasipo mtu nitapoteza nini, Nobue?"

"Si uliniambia kinakuja karibu?"

"Acha kije."

Tangu hapo siendi naye tena Kamiura. Mimi mwoga, na sina haya kusema.

Juzi ilikuwa siku ya manyunyu, siku yake hasa, na hakuja kunigongea. Niliona ajabu. Nilitia figili za kuchachua kwenye bakuli nikavuka kwenda kwao. Nilikuwa bado kwenye ua wa mianzi nilipoisikia.

"Oi."

Fupi, ya kuchoka kidogo. Alikuwa yeye, Tamotsu! Nilimshukuru kila niliyemjua wa kumshukuru. Bakuli nusura liniponyoke. Nilikimbia, mimi na magoti yangu, nikakata kona ya nyumba ili niwe wa kwanza kuwapongeza.

Tamotsu alikuwa barazani, mdomo umefungwa. Ndani, jikoni, Sueno alikuwa amenipa mgongo, upawa mkononi. Nilimwona akishusha kidevu mpaka kifuani na kutanua mabega, na kutoka kooni mwake ikatoka tena sauti ile, ya mwanamume, ya mumewe, bila kukosea hata kidogo. "Oi." Kisha akanyanyua kichwa, akafuta mikono kwenye aproni, na kwa sauti yake mwenyewe iliyojaa raha akasema, "Naam, nakuja," akatoka na kikombe cha chai, akapiga magoti, akakiweka mbele ya mume wake.

Hakuniona. Tamotsu ndiye aliyeniona, juu ya kichwa cha mkewe, na machoni mwake hamkuwa tena na ule upole. Alikuwa anaogopa, kama mtu aliyeitiwa sikioni. Niliweka figili kwenye ngazi nikarudi nyumbani bila kubisha hodi.